Alama 26 na Alama 24: Ipi Kubwa?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu, wakuu wa shule na wasimamizi wa mitihani. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa, lakini namba zake zote zimo ndani ya maneno.

Walimu wenzangu, wakuu wa shule, na nyote mnaoshika kalamu nyekundu,

Naanza na mtoto mmoja. Mwaka jana akiwa darasa la nne alipata 26 kati ya 40 katika hisabati. Mwaka huu, darasa la tano, amepata 24 kati ya 40. Mzazi ameshika ripoti mbili, moja kila mkono, na anawatazama ninyi. Anauliza: mwanangu ameshuka?

Mnamjibu nini?

Tumezoea kujibu haraka. "Ameshuka kidogo, ajitahidi." Mtoto amesimama pembeni anasikia. Neno hilo linamfuata nyumbani, linakaa naye akila, linalala naye. Na huenda si kweli! Ndiyo maana jambo hili si la wataalamu wa takwimu peke yao. Kila alama tunayoiandika ni neno tunalomwambia mtoto kuhusu yeye mwenyewe, na hatuna ruhusa ya kumwambia neno ambalo hatujalihakiki.

Mtoto huyu tutakwenda naye hadi mwisho. Swali lake ndilo swali la shule nzima.

Jambo la kwanza: alama ni ya wawili. Nusu ni ya mtoto, nusu ni ya karatasi.

Fikirini shule iliyotoa mtihani wa maswali 40. Mwaka uliofuata mtungaji anautengeneza upya, darasa lile lile, mada zile zile, kwa mtihani ule ule wa muhula. Anabadilisha maswali 8 tu. Anaondoa yale ambayo watoto 90 kati ya 100 huyapata, na kuweka yale ambayo hupatwa na 40 kati ya 100. Palipokuwa na robo tatu toa robo moja, sasa pana robo tatu toa sehemu mbili za tano. Mada ni hiyo hiyo, kutoa sehemu. Kwenye muhtasari hakuna kilichobadilika.

Sasa hesabuni. Katika kila swali kati ya hayo 8, darasa linapoteza nusu alama kwa wastani, kwa kuwa 0.9 imekuwa 0.4. Nane mara nusu ni nne. Wastani wa darasa umeshuka kwa alama 4 kamili, na hakuna mtoto aliyesahau chochote. Hakuna mwalimu aliyezembea. Kuna mtu aliyebadilisha maswali 8.

Ikiwa ndani ya darasa moja maswali 8 yanaweza kufanya hivyo, je, karatasi mbili za madarasa mawili, zilizotungwa na watu wawili kwa mada mbili tofauti? Kuzigeuza alama kuwa asilimia hakusaidii hata kidogo. Asilimia 65 na asilimia 60 ni 26 na 24 zilizovalishwa nguo nyingine. Ugumu wa karatasi umebaki ndani yake.

Jambo la pili: nafasi ya mtoto darasani ni habari nzuri, lakini haituambii kama amekua.

Iko njia inayopendwa sana, na ina heshima yake. Unachukua alama ya mtoto, unaondoa wastani wa darasa, unagawanya kwa mtawanyiko wa alama, yaani umbali wa kawaida wa alama kutoka kwenye wastani, ile namba ambayo programu ya majedwali huitoa kwa fomula ya STDEV. Jibu lake huitwa alama sanifu. Tuseme darasa la nne wastani ulikuwa 26 na mtawanyiko 6. Mtoto wetu alipata 26, kwa hiyo alama yake sanifu ni sifuri: yuko katikati kabisa. Darasa la tano wastani ni 24, mtawanyiko 6, naye amepata 24. Sifuri tena. Yuko pale pale katikati ya wenzake.

Hilo tu limeshatutoa kwenye "ameshuka". Basi tusimame hapo?

Hapana. Kuna mitego miwili, na ninaomba mniangalie vizuri hapa.

Mtego wa kwanza: wastani wa alama sanifu za darasa zima ni sifuri siku zote. Ndivyo fomula ilivyoundwa. Darasa zima likijifunza kwa kasi ya ajabu, wastani ni sifuri. Darasa zima likikaa mwaka mzima bila mwalimu, wastani ni sifuri. Mkuu wa shule anayechora mstari wa alama sanifu kuonyesha maendeleo ya shule yake, akitumia wastani wa shule yake mwenyewe, anachora mstari ambao hauwezi kupanda wala kushuka.

Mtego wa pili unauma zaidi kwa sababu hauonekani. Nafasi hutegemea nani yumo. Darasa lina watoto 40, wastani 50 kati ya 100. Mwisho wa mwaka watoto 5 wenye wastani wa 20 wanakaririshwa au wanaacha shule. Jumla ya alama ilikuwa 2,000, zimeondoka 100, zimebaki 1,900. Gawanya kwa 35, wastani mpya ni 54.3. Mtoto aliyekuwa na 50, katikati kabisa, sasa yuko chini ya wastani, bila yeye kubadilika. Na shule inaweza kusherehekea wastani uliopanda kwa alama 4, kumbe waliopanda hawapo; wapo waliotoweka. Kabla ya kulinganisha wastani wowote wa miaka miwili, swali la kwanza ni moja: ni watoto wale wale? Kama si wale wale, linganisheni wale tu walio na alama katika miaka yote miwili.

Jambo la tatu, na hapa ndipo nitakapokaa: bila daraja, yaani kitu kinachounganisha karatasi mbili, hakuna kulinganisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanahisabati wa Denmark, Georg Rasch, alikabidhiwa tatizo kama letu. Kulikuwa na watoto waliopata shida ya kusoma na wakapewa mafunzo ya ziada. Walikuwa wamepimwa kwa kusoma kwa sauti, makosa yao yakihesabiwa. Lakini kadiri walivyokua walipewa matini ngumu zaidi. Swali likawa: wameendelea? Makosa 10 katika matini nyepesi na makosa 10 katika matini nzito si makosa 10 yale yale.

Rasch alitazama watoto wale wale wakisoma matini mbili. Akaona jambo zuri sana: makosa ya mtoto katika matini moja yalielekea kuwa mara kadhaa ya makosa yake katika matini nyingine, na ile "mara kadhaa" ilikuwa karibu sawa kwa mtoto hodari na kwa mtoto anayesuasua. Uwiano huo haukuwa sifa ya mtoto. Ulikuwa sifa ya matini. Kwa hiyo ugumu wa matini uliweza kutenganishwa na uwezo wa mtoto. Mwaka 1960 alichapisha kazi hiyo, na modeli yenye jina lake inatumika mpaka leo katika mitihani mikubwa.

Mnaona siri yake? Ni wale watoto waliosoma zote mbili. Wao ndio daraja. Pasipo kitu cha pamoja baina ya karatasi mbili, hakuna fomula duniani itakayoziunganisha. Kitu cha pamoja kwa kawaida ni cha aina mbili: ama watoto wale wale wanafanya karatasi zote mbili kwa wakati mmoja, ama maswali yale yale yamo ndani ya karatasi zote mbili. Shuleni njia ya pili ndiyo rahisi. Maswali hayo tutayaita maswali ya nanga.

Tufanye kazi sasa. Karatasi ya darasa la nne ina maswali 40. Karatasi ya darasa la tano ina maswali 40. Kumi kati yake ni yale yale, yamo katika zote mbili. Kumi katika arobaini ni robo. Msishuke chini ya sehemu moja ya tano. Yachaguliwe yenye ugumu wa kati, yanayogusa mada ambazo darasa la nne wameshafundishwa na darasa la tano bado wanazitumia. Yasitoke yote kwenye mada moja! Nanga zikiwa zote za sehemu, mmejenga daraja la sehemu, na jometri imebaki ng'ambo.

Na yawe yale yale kweli. Maneno yale yale, mchoro ule ule, mpangilio ule ule wa majibu ya kuchagua, na mahali palepale. Swali lililokuwa la 12 likae karibu na la 12. Mkilisogeza hadi la 38, watakaolifikia wamechoka au muda umekwisha, na mtasema swali ni gumu kumbe ni la mwisho tu. Ni jambo dogo? Marekani wana upimaji wa kitaifa unaoitwa NAEP. Matokeo ya kusoma ya mwaka 1986 yalionyesha anguko kubwa tangu 1984 kwa watoto wa miaka 9 na vijana wa miaka 17, anguko ambalo halikuaminika. Wachunguzi walikuta kwamba maswali yalikuwa yale yale, lakini mpangilio wa vijitabu, masomo yaliyochanganywa ndani yake na muda vilikuwa vimebadilishwa. Ilibidi mwaka 1988 vijitabu vya mtindo wa zamani na wa mpya vitolewe pamoja ili kujua mabadiliko hayo yalichangia kiasi gani. Wao walikuwa na wataalamu na fedha. Sisi tuna mashine moja ya kunakili na haraka ya wiki ya mitihani. Basi tuwe waangalifu zaidi.

Baada ya kusahihisha, msikimbilie hesabu ya daraja. Kagueni kwanza kila nanga peke yake. Na hapa asilimia inadanganya tena. Swali moja lilipatwa na 50 katika 100 wa darasa la nne, na 67 katika 100 wa darasa la tano: limepanda kwa 17. Jingine lilipatwa na 90, sasa 95: limepanda kwa 5 tu. Je, la pili limezubaa? Hesabuni kwa njia ya Rasch: kwa kila mtoto aliyekosa, wangapi wamepata? Swali la kwanza, 50 kwa 50 ni mmoja kwa mmoja. 67 kwa 33 ni wawili kwa mmoja. Limezidishwa mara 2. Swali la pili, 90 kwa 10 ni 9 kwa mmoja; 95 kwa 5 ni 19 kwa mmoja. Mara 2.1. Yamekwenda pamoja! Ule mwendo wa 17 na ule wa 5 ni mwendo mmoja.

Sasa swali la tatu: 70 katika 100, kisha 72. Ni 2.33 kwa mmoja, kisha 2.57 kwa mmoja. Mara 1.1 tu, wakati wenzake ni mara 2. Nanga hii haijashika. Kwa nini? Huenda darasa la nne walilifanya kama zoezi wiki iliyotangulia. Huenda mchoro ulifutika katika kunakili. Huenda mada hiyo haikurudiwa kabisa darasa la tano. Kanuni ya kazi ni hii: chukueni mzidisho wa katikati wa nanga zote. Kama ni 2, nanga yoyote iliyo chini ya takriban 1.2 au juu ya takriban 3.3 itazamwe kwa macho, na sababu ikionekana, iondolewe kwenye daraja. Ibaki kama swali la kawaida katika alama ya mtoto. Msiondoe kwa kuwa tu inaharibu matokeo mnayoyataka. Hilo ni kosa kubwa kuliko kuiacha.

Nanga zimepona? Haya, jengeni. Katika mfano wetu zote 10 zimepona. Darasa la nne: karatasi nzima wastani 26, mtawanyiko 6, nanga wastani 6.0, mtawanyiko 2. Darasa la tano: karatasi nzima wastani 24, mtawanyiko 6, nanga wastani 7.5, mtawanyiko 2.

Mchukueni mtoto wetu na 26 yake ya mwaka jana. Yuko kwenye wastani wa darasa la nne, kwa hiyo kwenye nanga analingana na 6.0. Vukeni daraja. Upande wa darasa la tano, nanga 6.0 iko chini ya wastani wa 7.5 kwa 1.5, gawanyeni kwa mtawanyiko wa 2, ni 0.75 chini. Irudisheni kwenye karatasi nzima: 24 toa 0.75 mara 6. Jibu ni 19.5.

Mmesikia? Alama 26 ya darasa la nne inalingana na 19.5 kwenye karatasi ya darasa la tano. Aliyepata 32 mwaka jana analingana na 25.5. Mtoto wetu amepata 24. Hakushuka alama 2. Kwa kipimo kimoja, amepanda alama 4.5!

Mko radhi kumwambia mzazi hivyo? Subirini kidogo.

Jambo la nne: kila alama ina mtikisiko wake. Mtoto yule yule akifanya karatasi ya ugumu ule ule wiki ijayo hatapata alama ile ile. Chukueni kiwango cha uthabiti wa mtihani, namba kati ya 0 na 1 ambayo hupatikana kwa kulinganisha nusu mbili za maswali yake. Tuseme ni 0.84. Toeni katika 1, inabaki 0.16, kipeuo chake cha pili ni 0.4, zidisheni kwa mtawanyiko wa 6. Mtikisiko ni alama 2.4. Lakini tunalinganisha alama mbili, na kila moja inatikisika. Kwa pamoja ni kama 3.4. Kupanda kwetu ni 4.5. Ni zaidi ya mtikisiko mmoja, haifiki miwili.

Kwa hiyo kwa mtoto mmoja jibu la haki ni hili: hatuna ushahidi kwamba ameshuka, dalili zinaelekea kwamba amepanda, na ni kiasi gani tutajua tukiona kazi zake zaidi. Kwa kundi mambo ni tofauti. Watoto 100 waliofanya mitihani yote miwili, mtikisiko wa wastani wao unagawanywa kwa 10, unakuwa 0.34, na hapo 4.5 inasimama imara. Inabaki tu kukumbuka kwamba daraja lenyewe nalo lina kosa lake, na kosa hilo halipungui kwa kuongeza watoto peke yake. Linahitaji watoto wengi na nanga nyingi pia.

Ndiyo maana shule yenye watoto 30 kwa darasa isijenge daraja peke yake. Unganeni shule tatu au nne zitumie karatasi zile zile, mpate angalau mia moja kila upande, mia mbili ikiwezekana. Kama haiwezekani, rudini kwenye njia ya watoto wale wale: ndani ya wiki moja wafanye karatasi zote mbili, nusu yao waanze na ya kwanza na nusu waanze na ya pili, ili uchovu na mazoea visielemee upande mmoja.

La mwisho nitalipitia upesi. Madarasa yaliyo mbali. Mtu ataniuliza, je, darasa la nne na la saba? Unaweza kwenda kwa madaraja matatu, la nne hadi la tano, la tano hadi la sita, la sita hadi la saba, lakini kila daraja linaongeza kosa. Kama kila moja lina kosa la alama 2, matatu yana kama 3.5. Na kuna kitu kizito zaidi ya makosa: kinachopimwa kinabadilika chini ya miguu yetu. Kuzidisha kwa tarakimu mbili na kutafuta thamani ya x ni "hisabati" kwa jina, lakini je, ni kitu kimoja kilichoongezeka? Upimaji wa kimataifa wa hisabati na sayansi uitwao TIMSS, ulioanza mwaka 1995, hupima darasa la nne na la nane, na skeli zote mbili zina kitovu cha 500. Lakini ni skeli mbili tofauti. Mtu akichukua 520 ya darasa la nne na 510 ya darasa la nane akasema nchi imeporomoka, amelinganisha namba mbili zilizopewa jina moja tu.

Wala msimpe mtoto wa darasa la nne karatasi ya darasa la saba mkidhani mmepata kipimo kimoja. Maswali 40 ya kuchagua, majibu manne kila moja: anayekisia yote anapata kama 10. Akipata 11 amewaambia nini? Na aliye na 38 kwenye karatasi nyepesi hana pa kukulia. Alama 2 ndizo zilizobaki juu yake, hata akijifunza mlima mzima.

Walimu wenzangu, kazi inaanza kabla ya mtihani, si baada yake. Wiki mbili kabla ya kunakili, watungaji wa darasa la nne na la tano wakae meza moja na wachague nanga. Ateuliwe mtu mmoja wa kuhifadhi nakala safi ya kila nanga, namba yake katika kila karatasi, na idadi ya waliopata na waliokosa. Siku ya mtihani karatasi zihesabiwe zinapotoka na zihesabiwe zinaporudi, kwa sababu nanga iliyovuja kwenda kwenye masomo ya ziada itaonekana mwakani kama maendeleo. Na msiwasomee watoto majibu ya nanga baada ya mtihani. Sahihisheni nao yale maswali mengine 30.